Johnny Bench: wastani wa 0.267 lakini kura 96.4%. Naombeni ufafanuzi

Msomaji_wa_Boksi

Wakuu, habari za humu. Napitia rekodi za wadakaji (wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji) waliomo kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli kule Cooperstown na nimekwama kwa Johnny Bench wa Cincinnati Reds. Karibu kila anayejua besiboli anamtaja wa kwanza, ila nikifungua takwimu zake nakuta wastani wa kupiga 0.267 (hiti kwa kila mara ya kupiga), hiti 2048 (mapigo yaliyomfikisha besi) na homurani 389 (mapigo ya kuzunguka besi zote). Mike Piazza alimaliza na 0.308 na homurani 427. Ivan Rodriguez ana 0.296, hiti 2844 na Gold Glove 13 (tuzo ya ulinzi bora uwanjani), wakati Bench anazo 10.

Cha ajabu, Bench alipata 96.4% ya kura za kuingia Ukumbini mwaka 1989, mara ya kwanza tu jina lake kuwekwa kwenye karatasi. Piazza alisubiri hadi mara ya nne, na Rodriguez mwaka 2017 alipenya kwa 76% wakati kiwango cha kuvuka ni 75%.

Kwa hiyo nauliza: hizo namba zisomwe vipi? Huu udakaji wa "mkono mmoja" anaosifiwa nao, alikuwa anafanya nini hasa? Na kwa nini kuanzia 1981 anaonekana besi ya kwanza na ya tatu badala ya nyuma ya mpigaji, ilhali alikuwa na miaka 33 tu?

---

Karani_wa_Skoa

Mkuu, kosa liko kwenye kulinganisha wastani wa miaka tofauti kana kwamba mchezo ulikuwa uleule. Bench alicheza msimu wake wa kwanza kamili mwaka 1968, mwaka ambao warushaji walitawala hadi wastani wa National League nzima (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) ukashuka kufikia 0.243. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba msimu uliofuata ligi ilishusha tuta la mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 na kulibana eneo la straiki, yaani eneo ambalo mrusho ukipita humo unahesabiwa dhidi ya mpigaji. Katika msimu huo huo mgumu kijana wa miaka 20 alipiga 0.275, akachukua tuzo ya mchezaji chipukizi, mdakaji wa kwanza kuipata, na Gold Glove juu yake.

Ukitaka kulinganisha watu wa enzi mbili tumia OPS+, kipimo cha upigaji ambacho hurekebisha matokeo kwa ligi na uwanja, 100 ikiwa ndiyo kawaida. Bench ana 126 kwa maisha yake yote ya uchezaji. Rodriguez ana 106. Piazza anawapita wote kwa 143, na hapo sina ubishi: kwa gongo peke yake Piazza ndiye namba moja kati ya wadakaji wa ligi kuu tangu vita vya pili vya dunia. Ila hakuna aliyemsifu Piazza kwa mkono wa kurushia. Wakimbiaji walimuibia besi walivyotaka, yaani walichomoka kwenda besi inayofuata wakati wa mrusho naye akashindwa kuwawahi.

Hapo ndipo WAR (makadirio ya ushindi ambao mchezaji aliiongezea timu kuliko mbadala wa kawaida) inaposaidia, kwa sababu inaweka gongo na udakaji kwenye mizani moja. Kwa hesabu za Baseball-Reference Bench ana zaidi ya 75, Gary Carter 70, Rodriguez na Carlton Fisk zaidi ya 68 kila mmoja. Hakuna mdakaji mwingine aliyefika hapo.

Halafu angalia kilele chake. Mwaka 1970, akiwa na miaka 22: homurani 45, mikimbio (pointi) 148 iliyoletwa na gongo lake, wastani 0.293, tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1972: homurani 40, mikimbio 125, MVP ya pili. Aliongoza ligi kwa homurani miaka hiyo miwili, na kwa mikimbio aliongoza 1970, 1972 na 1974. Rudia kusoma hiyo sentensi ukikumbuka kwamba huyu ni mdakaji, mtu anayechuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100 kila mechi kisha anatakiwa aende kupiga.

Kuhusu kura, usizitumie kama kipimo cha ubora. Bench alipata 431 kati ya 447. Kabla yake hakuna mdakaji aliyewahi kupita mara ya kwanza, hata Yogi Berra mwenye MVP tatu alisubiri mwaka wa pili. Waliofanikiwa baadaye ni Rodriguez 2017 na Joe Mauer 2024, wote kwa asilimia 76 na ushee. Waandishi wanaopiga kura wana hasira na mazoea yao. Hilo ni somo jingine kabisa.

Na kabla hatujasema "bora wa wakati wote", Josh Gibson wa Negro Leagues (ligi za wachezaji weusi) alizuiwa na ubaguzi kucheza ligi kuu. Tangu 2024 takwimu za ligi hizo zimeunganishwa rasmi na za ligi kuu (MLB), na wastani wake wa 0.372 ndio wa juu kuliko wa mtu yeyote. Bench bora, ndiyo, lakini mjadala una watu wengine ndani.

---

Bawaba_na_Ngozi

Nijibu la mkono mmoja.

Glavu ya zamani ya mdakaji ilikuwa duara nene kama mto, yenye kishimo katikati. Haikujifunga. Mpira ukigonga kishimo ulikuwa na kila sababu ya kurukia nje, kwa hiyo mkono mtupu ulilazimika kukaa jirani ili uufunike papo hapo. Maana yake ni kwamba kila mrusho, vidole vya mkono wa kurushia vilikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye njia ya mpira wa gramu 142 hadi 149 unaokuja kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Mrusho mnyoofu hausumbui. Unaovunja watu ni ule uliokwaruzwa na gongo, kwa sababu unabadilisha njia ukiwa tayari umefika, na jicho halina muda wa kuambia mkono. Ndiyo maana wadakaji wa kale walikuwa na vidole vilivyopinda kila upande.

Bench mwenyewe alivunjika dole gumba mwaka 1966 akiwa bado ligi ndogo. Alipofika juu alikuwa anatumia glavu yenye bawaba: mkunjo unaopita katikati ya ngozi, hivyo glavu inajikunja juu ya mpira yenyewe ukibana vidole, kama ya mchezaji wa besi ya kwanza. Glavu ikishajifunga, mkono wa pili hauna kazi pale mbele. Unaufichua tu ukihitaji kurusha.

Alivyouweka mkono wake:

Besi zikiwa tupu, mkono wa kulia ulikwenda nyuma kabisa, ama nyuma ya kifundo cha mguu ama nyuma ya mgongo. Hakuna mpira wa kukwaruza unaoufikia huko.

Kukiwa na mkimbiaji, mkono unasogea karibu zaidi kwa sababu kuna kurusha, lakini unabaki nyuma ya glavu, umekunjwa ngumi legevu na dole gumba likiwa ndani ya vidole. Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia. Wanaacha vidole vimenyooka vikielekea kwa mrushaji, na mpira ukigonga ncha ya kidole kilichonyooka, kiungo kinateguka au mfupa unapasuka. Ngumi legevu ikigongwa inarudi nyuma na kuumia juu juu. Ngumi iliyokazwa nayo si nzuri, haina pa kurudi.

Kosa la pili ni glavu ambayo haijalainika. Sheria inaruhusu mzingo hadi inchi 38 na urefu hadi inchi 15.5, na ngozi ni nene. Ikiwa bado ngumu, bawaba haifungi kwa wakati, mpira unadunda nje, na mdakaji kwa silika anaurudisha mkono mtupu mbele kusaidia. Hapo umerudi enzi za mto na hatari yake yote. Kwa hiyo glavu mpya huvaliwa kwanza kwenye mazoezi ya kudaka mirusho, na inapigwapigwa hapo kwenye mkunjo, hadi ijifunge kwa kubana kwa vidole tu.

Aliongeza pia helmeti chini ya kinga ya uso, miongoni mwa wa mwanzo kufanya hivyo. Leo hakuna anayekaa pale bila hiyo.

Sasa haki itendeke: Bench hakuvumbua mkono mmoja. Randy Hundley wa Chicago Cubs alikuwa anadaka hivyo kabla yake, na mwaka 1968 alidaka mechi 160, jambo ambalo huwezi kulifanya ukiwa na vidole vilivyovunjika. Bench aliueneza, kwa sababu alikuwa mshindi wa tuzo na kila mtoto alimwona kwenye televisheni.

---

Msomaji_wa_Boksi

Asanteni sana, nimeelewa. Swali dogo: mkono ukiwa nyuma ya mgongo, si kurusha besi ya pili kunachelewa? Na mpira wa chini, unaogonga udongo, unazuiwaje kwa mkono mmoja?

---

Sekunde_Mbili

Kuchelewa kungekuwepo kama mkono ungeufuata mpira. Bench, na baadaye Rodriguez, walifanya kinyume: glavu ndiyo inayouleta mpira kwa mkono. Mara mpira unapoingia, glavu inarudi kuelekea sikio la kulia, na mkono unakutana nayo hapo, tayari iko usawa wa kurushia. Vidole viwili vinatafuta mishono, vinaikata kwa upana ili mpira uende mnyoofu. Ukishika kwa urefu wa mishono mpira unapinda njiani na kumfikia mwenzako upande usiofaa wa besi.

Miguu inafanya kazi wakati huo huo, si baada yake. Mguu wa kulia unasogea mbele kidogo na kugeuka pembeni, bega la kushoto linaelekea besi ya pili, mguu wa kushoto unapiga hatua fupi. Anayesimama wima kwanza ndipo ajipange amekwisha kuibiwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kutoka besi ya nyumbani hadi ya pili ni futi 127 na inchi 3, yaani karibu mita 38.8. Mkimbiaji mzuri anahitaji takriban sekunde 3.4 kuiba. Mrushaji anatumia 1.3 hadi 1.4 tangu aanze mwendo hadi mpira ufike kwenye glavu. Kilichobaki kwa mdakaji ni kama sekunde 2.0, tangu mpira ugonge ngozi yake hadi ugonge ngozi ya mwenzake kwenye besi ya pili, pamoja na kumgusa mkimbiaji. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ikipotea, mkimbiaji amesogea karibu sentimita 80. Ndiyo maana mrushaji mzembe anamharibia mdakaji sifa: akitumia 1.6 hakuna mkono duniani utakaookoa.

Bench aliwatoa 43% ya waliojaribu kumuibia. Rodriguez alifika 46% katika enzi ambayo wastani wa ligi ulikuwa 31%. Kwa mkono wa kurushia peke yake, nampa Rodriguez, na sioni haja ya kuremba. Yeye alirusha hata akiwa amepiga magoti, akawanasa wakimbiaji waliojisahau mbali na besi ya kwanza. Pia alidaka mechi 2427, rekodi ya ligi kuu.

Mpira wa chini ni sehemu ambayo makocha wa zamani walimlaumu Bench, na walikuwa na hoja. Njia ya darasani ni kupiga magoti yote mawili, glavu ijaze pengo kati ya mapaja, kidevu kishuke kifuani, mabega yajikunje kuja mbele ili mpira ukigonga kifua udondoke chini mbele yako. Hudaki, unazuia. Bench mara nyingi aliuchota kwa glavu ubavuni bila kuhamisha mwili. Viganja vyake vilikuwa vikubwa mno, aliweza kushika mipira saba kwa mkono mmoja, na alikuwa na wepesi wa kumtosha. Waliomuiga bila mikono hiyo waliacha mipira ipite hadi ukutani huku mkimbiaji akienda zake nyumbani.

---

Karani_wa_Skoa

Swali la tatu halijajibiwa. Jibu fupi ni magoti na mgongo, lakini kuna zaidi.

Alidaka mechi 100 au zaidi kwa misimu 13 mfululizo, 1968 hadi 1980. Hakuna mwili unaofanya hivyo bila kudai. Kocha wake Sparky Anderson aliliona hilo mapema, ndiyo maana hata mwaka wa MVP ya kwanza utamkuta kwenye uwanja wa nje au besi ya kwanza siku kadhaa: gongo linabaki kwenye mechi, magoti yanapumzika. Katikati ya msimu huo Reds walihamia Riverfront, kwenye nyasi bandia zilizotandazwa juu ya sakafu ngumu, na kukimbia juu yake hakukusaidia kitu.

Desemba 1972 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua kuondoa uvimbe kwenye pafu. Haukuwa saratani. Msimu uliofuata homurani zikashuka kutoka 40 hadi 25, na hakufikisha tena 40. Nadhani hapo ndipo mpigaji wa kwanza aliishia na mwingine akaanza.

---

Nyasi_Bandia

Karani, hilo la pafu linatiwa chumvi. Mwaka 1974 alipiga homurani 33 na kuleta mikimbio 129, akaongoza ligi. Mtu aliyekwisha hafanyi hivyo. Ninavyosoma mimi, kilichomvuta chini ni bega la kushoto aliloumia kwenye mgongano besi ya nyumbani mapema 1975. Alicheza nalo msimu mzima, akafanyiwa upasuaji baada ya World Series (fainali ya ligi kuu), na 1976 wastani ukaanguka hadi 0.234 na homurani 16.

Na ukitaka kuona kwa nini wastani wa msimu haumalizi habari, angalia Oktoba ya mwaka huo huo wa 0.234. Reds waliwafagia Yankees 4-0, Bench akapiga 0.533, yaani hiti 8 katika mara 15, na mechi ya nne akapiga homurani mbili zilizoleta mikimbio mitano. Tuzo ya mchezaji bora wa World Series ikaenda kwake, ilhali mdakaji wa upande wa pili, Thurman Munson, naye alipiga 0.529.

Kingine cha kutafuta ni Oktoba 11, 1972, mechi ya tano ya fainali ya National League dhidi ya Pittsburgh. Reds wako nyuma 3-2, iningi (kipindi) ya tisa na ya mwisho, Bench anaanza kupiga dhidi ya mrushaji Dave Giusti na kuupeleka mpira nje upande wa kulia, upande ambao si wake wa kawaida. Mechi ikaisha dakika chache baadaye kwa mrusho wa Bob Moose uliogonga chini na kumpita mdakaji, George Foster akakimbia nyumbani.

Siku chache mbele, World Series na Oakland, mechi ya tatu, alinaswa kwa hila ambayo kila mpigaji anapaswa kuijua. Bol tatu, straiki mbili (bol ya nne inampa mpigaji besi ya bure, straiki ya tatu inamtoa), wakimbiaji besi ya pili na ya tatu. Kocha wa Oakland, Dick Williams, akatoka na kuashiria apewe besi ya bure. Mdakaji Gene Tenace akasimama na kunyoosha mkono pembeni kama inavyofanyika, Bench akalegeza gongo. Mrushaji Rollie Fingers alipoanza mwendo wa kurusha, Tenace akarudi kuchuchumaa na slaida (mrusho unaopinda) ikapita ndani ya eneo la straiki. Straiki ya tatu, gongo halijasogea. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuna sheria inayosema mrushaji lazima atimize kilichoashiriwa.

---

Karani_wa_Skoa

Nakubali kuhusu bega, nililiruka. 1974 bado naiona kama mwaka wa kipekee, tutabishana siku nyingine.

Kumalizia swali: Julai 1980 alimpita Berra kwa homurani zilizopigwa na mdakaji akiwa kwenye nafasi hiyo. Baada ya msimu ule hakutaka tena kudaka kila siku. Mwaka 1981 alikuwa zaidi besi ya kwanza, akavunjika kifundo cha mguu mwezi Mei, na mgomo wa wachezaji ukakata msimu katikati. 1982 wakampeleka besi ya tatu, na pale hakuwa mzuri: mkono ulikuwepo, hatua ya kwanza ya pembeni haikuwepo. Kuchuchumaa miaka 13 hakukufundishi kukimbilia pembeni. Septemba 17, 1983, usiku wa kumuaga, walimrudisha kudaka, na iningi ya tatu akapiga homurani ya 389 dhidi ya Houston. Hakupiga nyingine.

---

Msomaji_wa_Boksi

Asanteni wakuu. Kwa hiyo rekodi zake za homurani bado zipo?

---

Sekunde_Mbili

Hapana, zote zimevunjwa. Za nafasi ya mdakaji alimaliza na 327, Fisk akampita 1990 na kufika 351, Piazza akampita Fisk 2004 na kuishia 396. Ile ya msimu mmoja, 45, ilidumu hadi 2021 Salvador Perez wa Kansas City alipopiga 48, na 2025 Cal Raleigh wa Seattle akafika 60. Gold Glove 10 zake ni mfululizo, 1968 hadi 1977. Kwa wingi Rodriguez amempita, kama ulivyosema mwenyewe.